Dume Lililohesabiwa Mtamba

Nilipokuwa kijana nilijiona fundi. Kikundi cha akina mama wafugaji wa Machame kilinipa kazi ya kuwaandikia programu, nami nikaiandika kwa lugha ya C katika chumba changu cha kupanga Soweto, Moshi mjini. Kazi yake ilikuwa kutunza foleni ya mitamba, ng'ombe jike ambao hawajazaa. Utaratibu wao ulikuwa rahisi: ukipewa mtamba, ndama jike wa kwanza atakayezaliwa unampeleka kwa mwenzako anayefuata kwenye orodha. Likizaliwa dume, linabaki kwako, na mwenzako anaendelea kusubiri.

Shida ilikuwa mashine. Yangu iliendeshwa na mfumo wa Linux. Ya ofisi yao kule juu ilikuwa kongwe, ya mfumo wa zamani wa DOS, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio ya ukweni. Sikutaka kuandika programu mbili. Niliandika moja, nikaigawa ndani kwa mistari inayoanza na alama ya reli: #ifdef, yaani kama mashine ni ya aina hii, soma hapa, #else, la sivyo, soma hapa, #endif, mwisho wa mpaka. Kompaila, ile inayogeuza maandishi yangu kuwa lugha ya mashine, huchukua upande unaoihusu, mwingine ikauruka kana kwamba haupo. Nilizipenda hizo #ifdef kupita kiasi, nikazitia kila mahali kama mtu aliyepewa chumvi ya bure.

Mwanzoni programu ilikuwa na kosa: akizaliwa ndama yeyote, hata dume, foleni ilisogea. Nikalirekebisha kabla halijamwumiza mtu, nikajaribu mezani kwangu, likaisha. Nikakompaili na ya DOS, nikapeleka disketi Machame, roho yangu kwatu.

Siku ya kukabidhi mtamba nilipanda mwenyewe, nimechomekea shati, nikitarajia sifa. Katibu akasoma karatasi iliyotoka kwenye printa. Jina lililoitwa halikuwa la mama mjane aliyesimama mbele na kamba yake mkononi. Banda alishajenga, na majani alishakata asubuhi ile.

"Karatasi inasema ulishapewa, mama," katibu akamwambia.

"Nimepewa nini? Si lilizaliwa dume, likabaki kwa mwenyewe? Ninyi wote mnajua."

Walijua. Lakini kompyuta ilikuwa imesema, na mimi ndiye niliyewatangazia siku ya kwanza kwamba kompyuta haikosei. Mama aliyeitwa alikuwa ameshamshika mtamba, wala sikumlaumu.

Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikaomba dakika chache, nikafungua programu. Marekebisho yangu yote nilikuwa nimeyatia ndani ya upande wa Linux! Upande wa DOS ulibaki na sheria ya zamani, dume likihesabiwa mtamba. Mezani kwangu nisingeliona kosa hilo hata mwaka mzima, maana mashine yangu haikuwahi kuusoma upande ule.

Nikaitoa sheria ya foleni nje ya mipaka yote, iwe moja kwa kila mashine. Ndani ya #ifdef nikabakiza mambo ya skrini na printa tu. Nikaanza kukompaili, na lile kongwe likaanza kukoroma. Nikaona nisilisubiri nimekaa. Nikatoka, nikachuma jani la sale kwenye mpaka wa kihamba, shamba la migomba, la jirani. Masale ndiyo alama ya mpaka kwetu, na ukimkosea mtu unampelekea hilo kuomba radhi. Anayeletewa sale hakatai.

"Shikamoo, mama. Kosa ni langu, si la karatasi."

Alilipokea kwa mikono miwili, akaligeuzageuza. "Marahaba. Nimekusamehe, mwanangu. Lakini sale halitoi maziwa."

Watu wakaangua kicheko, nami nikacheka nao kwa ahueni. Printa ikatema orodha mpya, na yule mama mwingine akaachia mtamba bila kinyongo, maana zamu iliyofuata ilikuwa yake.

Muda ulipita, nikaenda kumsalimia. Ng'ombe wake alikuwa amezaa dume. Hata sijaketi, akaniuliza:

"Kompyuta yako inajua kwamba hili ni dume?"

"Inajua, mama."

"Ya mjini au ya huku?"

"Zote mbili."

Nilizikagua zote kabla ya kwenda kwake, ya huku nikiwa nimepitia asubuhi hiyo hiyo. Akaniangalia kidogo, akaingia ndani, akatoka na kikombe kilichojaa hadi ukingoni.

"Haya, kunywa," akasema. "Sale limetoa maziwa."