Mwamuzi wa Mapambano Yasiyokuwapo

Laiti ningekataa. Alasiri ile wazee wenzangu waliponiomba niwe mwamuzi, ningesema sina mdomo wa hukumu, nikanywa kahawa yangu nikaenda zangu. Nilikubali kwa sababu nilipenda kuombwa.

Baraza letu liko Shella, hapa Malindi, mbele ya duka lililofungwa siku nyingi. Baada ya sala ya alasiri tulikuwa tukipambanisha mabingwa wa ndondi za uzani mzito ambao hawakukutana kamwe: wa enzi za redio na wa enzi za simu, marehemu na aliye hai. Kila mtu alimtetea wake kwa raundi tatu, na raundi iliisha muuza kahawa alipogonganisha vikombe vyake. Kisha mwamuzi alitoa hukumu.

Siku hiyo rafiki yangu, fundi mwashi niliyekuwa naye tangu sekondari, alimtetea bingwa wa zamani, yule wa miguu myepesi na maneno mengi. Mpinzani wake, mvuvi mstaafu, alileta jitu la siku hizi, refu kupita mlango.

"Huyo wako atakifikia kidevu kwa ngazi," mvuvi alisema.

"Ngazi ninazo, mimi ni mwashi. Jitu lako raundi ya sita litakuwa linatafuta kiti."

"Litamkalia yeye."

Watu walicheka. Vikombe vikagongwa mara ya tatu. Nikalitangaza lile jitu kuwa mshindi, kwa urefu wa mikono na uzito. Hata leo naiona hukumu ya haki. Rafiki yangu hakuipokea.

"Wewe wajua nini, bwana? Ulingoni kazi yako ilikuwa kushika ndoo."

Ilikuwa kweli. Ujanani yeye alipigana, mimi nilimshikia ndoo na taulo. Pambano lake la mwisho lilikuwa Kilifi, akaanguka raundi ya pili, na tangu hapo alikuwa akitusimulia lile konde lililompata chini ya sikio. Mimi peke yangu nilijua kuwa konde halikumgusa. Nilipomwinua aliniambia, "Niliogopa. Nisitiri." Nikamsitiri miaka yote.

Sasa baraza zima lilikuwa likinitazama, nami nikajibu:

"Ndoo niliishika. Na nikiwa nayo mkononi, nilimwona mtu kule Kilifi akianguka kabla konde halijamfika."

Muuza kahawa alivishika vikombe vyake visilie. Rafiki yangu alimaliza kahawa, akarudisha kikombe, akavaa kubadhi zake.

"Haya, mabwana," alisema, akaenda.

Hakurudi barazani. Nilibisha mlangoni kwake mara mbili, na mara zote mbili mkewe alinijibu kwa heshima kwamba amelala, ilhali nilimsikia ndani akikohoa. Sikubisha mara ya tatu. Nilijiambia kwamba yeye ndiye aliyeanza. Baadaye alihamia kwa bintiye, Mnarani. Ni safari ya asubuhi moja, nami sikuifunga.

Alifia huko. Habari niliipata siku ya tatu, kwa mtu aliyedhani nilikuwa mazikoni. Kwa neno moja la barazani nilimpoteza rafiki wa miaka hamsini, sikumwomba radhi, wala sikumzika.