Mpanga Magari wa Feri ya Kilifi Aliyemzima Thuku

Saa kumi na mbili alfajiri, foleni ya magari upande wa Mnarani imeshapanda mlima, mwisho wake hauonekani. Mbele kabisa ni basi la Malindi, nyuma yake lori la korosho, kisha mkokoteni wa mkonge ambao haukupaswa kuwa pale. Feri inagusa nchi kavu, mlango wake wa chuma unashuka kwa kishindo, na kabla haujatulia mtu mmoja mrefu, mwembamba, suruali ameikunja hadi magotini, ameshauruka.

"Basi, njoo! Njoo, njoo, kata kulia! Lori, subiri! Wewe lori, nimesema subiri!"

Lori linasubiri. Basi nalo linasimama katikati ya mlango, maana dereva ametoa kichwa dirishani na kusahau kazi.

"Kambi! Ile Jumapili mlitufanyia nini, ndugu yangu? Sauti yangu haijarudi mpaka leo!"

Abiria wanaanza kupiga makofi. Mama mmoja mwenye kapu la maembe anasukumana na mwenzake apate kuona.

"Ndiye huyu aliyemzima Thuku?"

"Ndiye."

"Mbona mwembamba hivi?"

Kambi Mwambire anacheka, anaupiga ubavu wa basi kwa kiganja, na basi linaingia. Magari mazito yanakaa katikati, madogo pembeni, vigingi vinawekwa chini ya magurudumu, waenda kwa miguu wanasogea mbele. Feri inang'oa nanga. Kazi hii ameifanya kwa miaka saba.

Jioni, akishavua sare ya feri, Kambi huvaa jezi namba tano ya Sabaki Rovers. Huyu ndiye beki wa kati ambaye wiki hii anazungumzwa katika kila baraza kutoka Mambrui hadi Mtwapa, na ambaye hata magazeti ya Nairobi, yaliyozoea kutuambia kwamba Pwani huzaa mafundi wa chenga lakini haizai mabeki, yamelazimika kuandika jina lake. Gazeti moja lilikosea likamwita Kambi Mwambile. Anasema hajali.

"Afadhali walikosea jina," anasema. "Zamani walikuwa wakitukosea heshima."

Maneno hayo si ya bure. Rovers walipopanda ligi kuu mwaka jana, walikaribishwa kwa kejeli. Iliandikwa kwamba ngome yao ni ya makuti na itaezuliwa na upepo wa kwanza. Sasa ni Oktoba 1989, msimu unakaribia kwisha, na Rovers wamefungwa mabao kumi na manne tu. Hakuna timu katika ligi nzima iliyofungwa machache hivyo, si Nairobi, si Kisumu, si Mombasa.

Ajabu ni kwamba timu hiyohiyo bado inapigania roho yake. Wao wenyewe wamefunga mabao kumi na moja pekee. Ngome ya chuma, washambuliaji wa pamba, asema mshabiki mmoja wa Gede. Wakipoteza mechi yao ya mwisho, watashushwa daraja.

Kambi alizaliwa Gede, na ujanani mwake hakuwa beki. Alikuwa mshambuliaji, tena wa kupendwa. Baba yake mdogo, Mzee Mwambire Dena, alikuwa akitembea kwa miguu hadi Watamu kumtazama akicheza, na akirudi anasimulia bao moja kwa wiki nzima.

Mambo yalibadilika alipohamia Kilifi kufanya kazi ya feri na kujiunga na Rovers. Kocha wa timu, Gerishom Ochola, fundi wa umeme aliyetoka Kisumu, alimtazama mazoezini siku chache, kisha akamwita pembeni.

"Nikamwambia, wewe kuanzia kesho unacheza nyuma," anakumbuka Ochola. "Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa amefiwa."

Kambi anakiri kwamba alifikiria kuacha mpira. "Kwetu sisi, beki ni mtu aliyekosa namba," anasema. "Ukiwa mdogo, anayewekwa nyuma ni yule asiyejua kupiga. Baba mdogo aliposikia, alisema hatakuja tena. Na kweli, hakuja."

Kilichomzuia kuondoka ni ukaidi. Ochola alimpanga beki, naye akaamua kumwonyesha kocha kwamba amekosea. Kila jioni alicheza kwa hasira, akiruka miguuni mwa watu, akirudi nyumbani ametapakaa matope. Alitarajia kufukuzwa. Badala yake, Ochola alimwekea mkono begani.

"Nilimwambia, beki mzuri si yule anayechafua kaptura. Kaptura ikichafuka, ujue alichelewa. Alipaswa kuwa pale mapema, amesimama wima, mpira umkute yeye."

Maneno hayo yalimwingia. Akajifunza kutotazama mpira, kwa kuwa mpira hudanganya, bali kutazama nyonga za mshambuliaji, ambazo hazidanganyi. Akajifunza kumpeleka mtu kwenye mguu wake mbovu. Akajifunza subira, jambo ambalo mkewe, Jedida, anasema hajaliona nyumbani.

Kasoro moja ilibaki. Kambi alikuwa hasemi. Uwanjani alicheza kama bubu, na mabeki wenzake walikuwa wakigongana vichwa huku mshambuliaji akipita katikati. Ochola alimsihi, akamfokea, akamweka nje. Wapi!

Halafu siku moja Ochola alikuwa akivuka kwenda Mnarani kutengeneza nyaya. Akasikia sauti ikivuma kutoka kwenye feri, ikiwapanga madereva kama askari: wewe mbele, wewe ngoja, wewe rudi, nani amekuambia usogee? Madereva wa malori, watu wasiomwogopa yeyote, walikuwa wakitii. Ochola akanyoosha shingo kutazama ni nani.

"Nilikuwa na nyaya mkononi, nikaziangusha," anasema huku akicheka. "Nikamfuata mpaka mbele za watu, nikamwambia, kumbe mdomo unao! Huyu huyu ndiye ninayemtaka uwanjani! Watu wakadhani tunagombana."

Kambi anasema hakuwa amefikiria kwamba ni kazi ileile. "Feri isipopangwa, inainama. Nikaanza kuwapanga na wale wenzangu. Mwanzo walinichukia. Amin alikuwa akiniambia, bwana we, mimi si lori."

Amin Athman ni beki wa kushoto, mshona kanzu wa Mambrui, mfupi, mwenye ulimi mwepesi. Ndiye rafiki mkubwa wa Kambi, na ndiye aliyetumbukizwa katika mkasa wa Jumapili iliyopita, mkasa ambao watu wa Malindi watawasimulia wajukuu zao.

Wageni walikuwa Mwangaza ya Nairobi, vinara wa ligi, waliokuja kucheza mechi iliyokuwa imeahirishwa. Mshambuliaji wao, Thuku, alikuwa amefunga karibu katika kila uwanja wa nchi hii, na alishuka Malindi, uwanja wa nyumbani wa Rovers, akiwa na miwani ya jua na tabasamu. Uwanja ulijaa tangu adhuhuri. Waliokosa nafasi walipanda mapaa ya nyumba za jirani, na uzio wa makuti upande wa soko ulilala chini kabla mpira haujaanza.

Rovers walitangulia kwa mkwaju wa faulo kipindi cha kwanza. Bao lile lilikuwa zuri, lakini leo ukiwauliza watu nani alilifunga, wengi watakuna kichwa. Wanachokumbuka ni kilichotokea baadaye.

Zikiwa zimebaki kama dakika ishirini, Thuku alichomoka, kipa wa Rovers akatoka kumzuia, goti likampata begani. Alitolewa kwa machela, mkono umening'inia. Ochola akageukia benchi na kukumbuka kwamba alikwisha kutumia nafasi zote mbili za kubadili wachezaji. Kumi tu, na hakuna kipa.

"Sote tulitazamana," anasema Amin. "Kisha nikaona wote wananitazama mimi. Nikawaambia, jamani, mimi ndiye mfupi kuliko nyote! Kambi akanivika glavu kwa nguvu. Akaniambia, Amin, wewe simama tu hapo, hutaguswa. Nami nikaanza kusoma kila sura ninayoijua."

Kutoka pembeni Ochola alipiga kelele: rudini nyuma, wote ndani ya boksi! Ndivyo timu yoyote ingefanya. Kambi akamtazama kocha wake, akatikisa kichwa, na kwa sauti iliyosikika hadi juu ya mapaa akaita: "Mbele! Mabeki, mbele! Nifuateni!"

Akawapandisha hadi karibu na mstari wa katikati.

"Watu walidhani amerukwa na akili," anasema Ochola. "Mimi pia."

Kambi mwenyewe anaeleza kwa utulivu. "Kama tungerudi, wangetupigia mashuti kutoka mbali, na Amin hajui kudaka hata embe. Ilibidi wasifike mahali pa kupiga shuti."

Ikaanza hesabu ya hatari. Kila Mwangaza walipotaka kupenyeza pasi ndefu, Kambi alipiga ukelele mmoja, mabeki watatu wakasonga kwa pamoja, na Thuku akajikuta ameotea. Kibendera juu. Tena. Kibendera juu. Thuku akaanza kubishana na mshika kibendera, kisha na wenzake, kisha na mpira. Tabasamu la asubuhi likayeyuka. Kila kibendera kilipoinuka uwanja ulilipuka kana kwamba ni bao, na wazee waliokaa kwenye mikeka walikuwa wamesimama, vikofia mikononi.

Kisha, dakika za mwisho, mtego ukafyatuka vibaya. Beki mmoja alichelewa kusonga. Thuku akapita, mbele yake hakuna mtu ila Amin, aliyeinua mikono miwili kama anayeporwa.

Kambi akakimbia. Hakuruka miguuni. Alikimbia ubavuni mwa Thuku, nusu hatua nyuma, akimsukumia kushoto bila kumgusa, kushoto, kushoto zaidi. Wakaingia boksi. Hata waliokuwa juu ya mapaa wanasema walisikia viatu vikikanyaga nyasi. Thuku akauvuta mpira auweke mguu wa kulia, na katika kile kitambo mpira ulipokuwa si wake, mguu wa Kambi ukapita na kuuchukua, safi, kama mtu anayeokota kofia yake.

Thuku akaanguka. Refa akawa palepale, akaonyesha kwa mikono miwili: endelea! Mpira ukabingirika kwa Amin, ambaye aliulalia kama kuku juu ya mayai, akakataa kuinuka hata filimbi ya mwisho ilipolia.

Hiyo ndiyo mara pekee aliyougusa.

Thuku alimsubiri Kambi kwenye mstari, akavua jezi yake, akampa. "Nimecheza na mabeki wakali kuliko wewe," alimwambia mbele ya watu. "Lakini hao walinipiga mateke. Wewe umenipokonya njia."

Na mlangoni alikuwa amesimama Mzee Mwambire Dena, ambaye hakuwa ametia mguu uwanjani tangu mtoto huyu wa kaka yake awekwe nyuma. Kambi alimwamkia, "Shikamoo, baba." Mzee akaitikia, akamshika mkono asiuachie, na kusema neno moja tu: "Kumbe."

Jedida, ambaye hubangua korosho kiwandani, anasema usiku ule nyumba yao ilikuwa kama ya harusi. Lakini asubuhi yake walikumbuka shida yao. Daraja linajengwa juu ya mkono wa bahari wa Kilifi. Nguzo zinaonekana kutoka kwenye feri, na Kambi huzipita kila siku. Litakapokamilika, hakutakuwa na magari ya kupanga.

"Mimi madaraja yote mawili yanitisha," anasema Kambi. "Hilo linalojengwa, na lile la kushushwa."

Alhamisi, mwandishi akiwa kwenye feri, gari jeupe kutoka Nairobi linaingia. Kambi analipanga pembeni, anatia kigingi, na mtu aliyevaa suti anashuka. Ni Bwana Njoroge, katibu wa Mwangaza. Hana muda wa kuzunguka.

"Tumekuja kukuchukua," anasema. "Kazi ya ghala, ya kudumu. Nyumba ya vyumba viwili. Msimu ukiisha tu, unahamia."

Kambi anakikaza kigingi kwa mguu. Maji yanapiga ubavu wa feri. Upande wa mji unakaribia.

"Mwanitaka mimi peke yangu?"

"Wewe peke yako."

"Basi hamkuitazama mechi, Bwana Njoroge. Thuku hakuzimwa na mtu mmoja. Mimi nilipiga kelele, wenzangu ndio waliosonga. Ukuta haununuliwi jiwe moja."

Katibu anacheka, anadhani ni maringo ya bei. Kambi hacheki. Anamwambia kwa adabu kwamba msimu ukiisha waje tena wazungumze, na waje na nafasi mbili, yake na ya Amin. Mlango wa chuma unashuka. Kambi anatoa kigingi na kulielekeza gari jeupe litoke, kwa sauti ileile anayowatolea wenye malori.

Jedida hakubaliani naye, wala hafichi. "Mimi ningekwenda," anasema. "Nyumba ya vyumba viwili! Lakini nimemjua tangu ujanani. Ukimsukuma, hasogei. Kwa hiyo nangoja msimu uishe, halafu nitaanza mimi kumpanga."

Kabla ya hapo kuna Jumamosi. Rovers wanasafiri hadi Nairobi kwa mechi ya mwisho, na mwenyeji wao ni Mwangaza haohao, mbele ya watu wao, Thuku akiwa na kisasi cha kulipiza. Rovers wanahitaji alama moja tu wabaki ligi kuu. Kipa wao bado mkono wake umefungwa, na yule wa akiba hajacheza mechi yoyote ya ligi.

Mwandishi anamuuliza Kambi anaomba nini. Ushindi? Bao la mapema?

Anapangusa jasho, anaitazama foleni inayomngoja, kisha uso wake unakunjuka kama wa mtu aliyeulizwa chakula akipendacho.

"Watu husema mechi ya sifuri kwa sifuri haina utamu," anasema. "Mimi naomba hiyo. Sifuri yao, sifuri yetu, turudi nayo nyumbani. Utaona Jumapili watu wa Kilifi watakavyoicheza ngoma sifuri hiyo!"