Nyumba Isiyo na Maziwa

Kwetu tulikuwa wakulima. Kwa mume wangu walikuwa wafugaji. Mimi nililelewa kwa mahindi, maharagwe na viazi, yeye akalelewa kwa maziwa. Wakati wa kuoana hakuna aliyeona kuwa hilo ni jambo. Mama yake alinipokea kwa kibuyu cha maziwa lala, yale yanayogeuka rangi ya majivu kwa sababu ya masizi ya mti yanayosuguliwa ndani. Nilipoyanywa nikamaliza, akawaambia wenzake kwa lugha yao, ambayo nilikuwa bado najifunza, kwamba huyu atakaa. Na kweli nilikaa.

Mume wangu alikuwa dereva wa mashine za kuvuna ngano huko Mau Narok. Nyumba za wafanyakazi kule hazikufaa watoto wadogo, kwa baridi na moshi wake, kwa hiyo tulipata nyumba ya kaunsili hapa Nakuru, mtaa wa Bondeni. Vyumba viwili, jiko dogo nyuma, na mfereji mmoja uani ambao tulitumia na majirani. Yeye alikuja mwisho wa mwezi. Wakati wa mavuno hakuja kabisa. Miaka hiyo ya sitini wanawake wengi wa Bondeni waliishi hivyo, wala sikujiona tofauti na wengine.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa mvulana, na alikunywa maziwa kama ndama. Wa pili alikuwa msichana. Nilipomwachisha kunyonya na kumpa kikombe cha kwanza cha maziwa ya ng'ombe, midomo ilimvimba, ngozi ikatoka mabaka mekundu, akatapika mpaka akalegea mikononi mwangu. Nilidhani ni maziwa yaliyoharibika. Baadaye nikanunua kwa mwuzaji mwingine. Yakawa yale yale, na mara hii kifua kikaanza kulia kama filimbi. Nikamfunga mgongoni nikakimbia naye hospitali.

Daktari aliniuliza alichokula, akamtazama kooni, akamsikiliza kifua, halafu akasema, "Maziwa ndiyo yanayomuumiza. Asiyaguse. Samli pia, na siagi."

"Mpaka lini, daktari?"

"Wengine hupona wakikua. Wengine hawaponi."

"Basi atakula nini?"

"Mama," aliniambia, "si unajua kupika?"

Nilijua kupika. Lakini nilipofika nyumbani na kuanza kutazama vyungu vyangu, niliona maziwa yalivyokuwa yameingia kila mahali bila mimi kuyafikiria. Chai ilikuwa ya maziwa. Uji niliumalizia kwa maziwa. Viazi vya kuponda nilivilainisha kwa maziwa na kuvitia samli. Ugali wa jioni watoto walipenda kuuteremsha kwa maziwa lala yaliyotoka kwa nyanya yao. Hata mkate wa dukani sikujua umekandwa na nini.

Mwanzoni nilipika vyungu viwili, cha mtoto na cha watu wengine. Haikudumu. Siku moja kaka yake, ambaye alimpenda sana, alimnywesha chai kutoka kikombe chake mwenyewe, kwa huruma tu, kwa sababu aliona dada yake analia akiitaka. Tulirudi hospitali. Tulipotoka huko nilimwaga maziwa yaliyobaki, nikasugua sufuria zote kwa majivu, nikaamua kwamba maziwa hayataingia tena katika nyumba hiyo.

Kuanzia hapo nilijifunza kupika upya. Unga wa wimbi niliuloweka mpaka ukachacha kidogo, nikapika uji, na ulipokuwa tayari nikakorogea njugu nilizokaanga na kuzitwanga mwenyewe mpaka zikatoa mafuta. Uji ule ulikuwa mzito na mweupe kidogo juu, na watoto waliulamba kwenye kijiko. Viazi vitamu nilivichemsha nikaviponda na njugu hizo hizo. Mandazi nilikanda kwa maji ya vuguvugu na ganda la chungwa lililokunwa, ili yanukie. Chapati nilizipaka mafuta ya mbegu badala ya samli, zikawa ngumu, kisha nikagundua kwamba unga ukilala kwanza chini ya kitambaa chenye unyevu zinalainika. Haya yote niliyapata kwa kukosea. Hakukuwa na mtu wa kumwuliza, kwa sababu kila niliyemwuliza alinijibu jambo moja: mpe kidogo kidogo, atazoea.

Lililonishinda ni chai. Kwetu sisi mgeni akikupitia unamwekea chai, na chai ni ya maziwa. Strungi, chai isiyo na maziwa, ni ya siku ya matanga, au ya nyumba iliyoishiwa. Jirani zangu walikuja, nikawawekea strungi na mandazi moto, nikawaeleza habari ya mtoto. Walisikiliza. Walisema pole. Walikunywa nusu kikombe wakaaga. Halafu wakawa wanapitia mlango wa jirani wa pili, na mimi nikiwa jikoni nilisikia vicheko vyao na vijiko vikigonga vikombe. Hakuna aliyenitukana. Waliacha tu kuja, mmoja mmoja, na sikuweza kusema ni siku gani waliacha.

Mume wangu naye alipokuja alitazama kikombe chake. "Chai gani hii?"

"Strungi."

"Kwani kuna matanga?"

Nikamweleza. Alimchukua binti yake akamweka magotini, akainywa yote. Alikuwa mtu mwema. Nataka hilo lijulikane.

Miaka hiyo nilipata rafiki mmoja. Mtaa wa pili kulikuwa na duka la unga na viungo, na mke wa mwenye duka alikuwa mama wa Kihindi, Mwislamu, aliyezaliwa Mombasa. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kilichopangika, mpaka nikawa naona haya kufungua mdomo. Siku moja aliniuliza, "Dada, hizi njugu za kila siku wafanyia nini?"

Nikamwambia mtoto wangu hawezi maziwa.

"Hawezi ya ng'ombe," alisema. "Sisi kwetu tuna tui."

Alinipitisha nyuma ya duka, akapasua nazi iliyokuja kwa gari moshi ndani ya gunia, akaketi juu ya mbuzi, kile kibao chenye meno ya chuma, akaikuna na kuikamua mbele yangu. Mtoto alionja kwa kidole. Tulimtazama midomo, tukangoja. Hakuvimba. Yule mama alicheka, akampa kikombe kizima.

Nilizoea kwenda kwake alasiri, wakati duka lilipokuwa limetulia. Alinifundisha maharagwe ya nazi, wali, mandazi ya tui yenye iliki, na bajia za unga wa dengu ambazo binti yangu alikula mpaka mikono ikawa ya manjano. Tulipika tukizungumza mambo madogo. Yeye pia alikuwa mbali na kwao. Mbele ya mumewe na wateja alikuwa mtu wa maneno machache, lakini nyuma ya duka aliongea bila kunyamaza. Nadhani nami nilikuwa hivyo.

Wakati huo huo mama mkwe alikuja kututembelea, na kibuyu chake chini ya kanga. Nilikuwa nimeiogopa siku hiyo kwa muda mrefu. Nilimkaribisha, nikamwekea uji wa njugu, nikamweleza kila kitu kwa lugha yake kadiri nilivyoweza. Hakubishana. Aliuliza tu, "Kabisa?"

"Kabisa, mama. Hata tone."

Alikuwa amepanga kukaa muda. Alificha kibuyu chini ya kitanda, na alipotaka kunywa alitoka nacho akaenda kunywea kule uani karibu na mfereji, mgongo ukiwa umeelekea nyumba, ili mtoto asimwone. Akasuuza mdomo kabla ya kuingia na kumbeba. Nilimtazama dirishani, yule mama mtu mzima aliyekuwa na ng'ombe wengi kwao, akinywa maziwa yake kama mwizi.

Asubuhi aliyoamua kurudi alitaka kumbariki mjukuu. Kwao huwa wanambariki mtoto kwa maziwa, wanampaka kifuani na kwenye paji la uso. Alisimama mbele ya mtoto, mkono mtupu, akanitazama. Mimi nikatazama chini. Basi akaenda mferejini, akateka maji kwa kiganja, akampaka hayo.

"Maji pia ni ya Mungu," alisema. Lakini alisema polepole, kama mtu anayejiuliza.

Hakuja tena Bondeni. Mume wangu alisema miguu inamsumbua. Tulimwendea sisi mara chache, nikiwa na chakula cha mtoto kikapuni, na kila mara nilikaa nje kwenye majani na msichana wangu huku wengine wakizungumza ndani.

Kisha yule rafiki yangu wa dukani akaondoka. Familia nyingi za Kihindi zilikuwa zinahama, na mumewe aliamua waende Uingereza. Nilimkuta anafunga vyombo kwa magazeti.

"Huko kuna nazi?" nilimuuliza.

"Sijui, dada. Watu waniambia kuna baridi tu."

Tulikaa kwenye magunia tukanywa strungi yenye tangawizi. Hatukulia. Aliyelinunua duka aliuza vipuri vya baiskeli. Nazi nilizipata sokoni mara moja moja, nyingine zimeoza ndani, na mara nyingi nilirudia njugu zangu.

Binti yangu alikuwa ameanza shule ya msingi nilipogundua jambo la hoteli. Mume wangu akija mwisho wa mwezi, Jumamosi alikuwa akimchukua mvulana wetu wakanyolewe. Jumamosi moja nilikwenda kununua makaa, nikapita mbele ya hoteli ndogo iliyo karibu na stendi ya basi. Mlango ulikuwa wazi. Walikuwa ndani, baba na mwana, mezani, kila mmoja na bilauri kubwa ya chai ya maziwa, na sahani ya mkate uliopakwa siagi katikati. Mvulana alikuwa anasimulia kitu, na baba yake anacheka, kichwa amekitupa nyuma. Sikuwahi kumwona akicheka hivyo mezani kwangu.

Sikuingia. Nilibeba makaa yangu nikarudi nyumbani, nikawasha jiko.

Walipofika, mvulana alipangusa mdomo kwa nyuma ya mkono kabla ya kuvuka kizingiti. Nilingoja watoto walale kidogo alasiri, nikamwambia baba yao, "Leo nimewaona hotelini."

Alivua viatu vyake. Akasema, "Sikutaka msichana aone."

"Na mimi?"

"Wewe ungejisikia vibaya."

"Ningependa kujua mko wapi," nilisema. "Hayo tu."

"Mama watoto, mimi nakula chakula chako chote. Ni chai tu."

"Najua."

Ilikuwa kweli. Tangu hapo walikwenda wazi. Waliniaga mlangoni, "Tunaenda chai," nami nilisema, "Haya." Msichana aliuliza mara ya kwanza, "Mbona sisi hatuendi?" Nikamwambia sisi tuna bajia. Nikamkaangia, tukala wawili tukiwa tumekaa kwenye kizingiti, na vumbi jeupe la upande wa Ziwa Nakuru likipita barabarani. Aliridhika. Yeye alikuwa na mimi. Mimi nilimtazama akila, nikajua kwamba mtoto hawezi kuwa mwenzako wa kuzungumza naye yote, na si haki kumfanya awe.

Miaka ilikwenda. Mvulana alimaliza shule akafuata kazi ya baba yake Mau Narok, na mwisho wa mwezi wakawa wanakuja wawili, au hawaji. Msichana alifaulu akaitwa shule ya bweni, upande wa Molo. Nilimsindikiza. Mama wa jikoni aliniambia kwa upole kwamba wasichana wote wanakunywa chai ya sufuria moja, hawezi kupika ya mtu mmoja. Nilianza kumwomba, binti yangu akanishika mkono.

"Mama, nitakunywa maji ya moto. Na maharagwe yapo. Nitauliza kila kitu kabla ya kula. Nimezoea kuuliza."

Nilimwachia mkebe wa njugu za kutwanga na mandazi makavu. Alikuwa na aibu kidogo mbele ya wenzake, lakini aliupokea.

Nyumbani sikuweza kupima. Nilikuwa nimezoea kukanda unga wa watu wanne, kisha wa wawili, na sasa mikono ilimwaga tu kama zamani. Uji ulibaki, nikawapa watoto wa jirani, ambao mama zao walikuwa wapangaji wapya wasiojua habari yangu. Waliusifu. Mmoja aliniuliza nimetia maziwa ya nani.

Likizo ya kwanza niliamka mapema kuloweka maharagwe na kukaanga njugu. Binti yangu alishuka kwenye basi akiwa amerefuka, sketi imempanda magotini, na sauti imebadilika. Aliweka sanduku, akaingia jikoni, akafunga kitambaa kichwani.

"Kaa, mama. Leo napika mimi."

"Nimekwisha kutwanga njugu."

"Ziache. Kule tunakula bila hizo. Nimezoea hivyo sasa."

Alikata vitunguu na karoti, akayaunga maharagwe kwa mafuta kidogo, akaonja kwa kiganja. Alinisimulia habari za mwalimu wao wa hesabu na za rafiki yake wa kitanda cha jirani, ambaye humletea ndizi kutoka kwao. Nilikaa kwenye kigoda karibu na mlango. Sikujua niweke wapi mikono yangu, nikaiweka mapajani.

"Chumvi iko sawa?" aliuliza.

"Iko sawa."

Chakula kilikuwa kizuri. Nilimwambia hivyo, akafurahi. Tulipomaliza aliomba ruhusa kwenda kuwasalimu wenzake wa mtaani, nikamruhusu. Nilimsikia akicheka kule mferejini na mtu ambaye sikuitambua sauti yake. Nikakusanya sahani zetu mbili, nikaziosha, nikazipanga, kisha nikarudi kukaa kwenye kigoda.