Perege wa Malimbuko

Nyumbani kwangu Daraja Mbili maji ya bomba huja yanapojisikia, kwa hiyo hukinga kila chombo kinachokingika. Juzi nilisahau ndoo moja nyuma ya nyumba. Nilipoifunua nilikuta utando wa kijani juu ya maji, na harufu yake ikanipanda puani kabla sijainama sawasawa: harufu ya majani yaliyooza, na ndani yake kitu kama kutu. Nilimwaga yale maji, nikasugua ndoo kwa mchanga, kisha nikakaa kwenye ngazi, ndoo bado mkononi. Mwanangu aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana, nimekumbuka ziwa.

Ziwa lenyewe ni dogo, liko chini ya Mlima Meru, na sisi tuliishi karibu nalo kiasi cha kusikia vyura wakigombana. Baba alikuwa mvuvi. Mama alikaanga perege na kuwauza kando ya barabara. Shuleni walinicheka kwamba nanuka samaki, nami sikujali sana, maana anayenuka samaki angalau amekula.

Halafu ukaja mwaka ambao mvua ilichelewa, kisha ikanyesha yote kwa mkupuo, ikasomba mbolea mashambani na kuiingiza ziwani. Maji yakageuka kijani, kijani kizito kama rangi ya mlango. Samaki walielea matumbo juu. Wataalamu walikuja na chupa zao, wakasema ni mwani wenye sumu, na uvuvi ukapigwa marufuku.

Koko, ndivyo tulivyomwita bibi mzaa mama, alikuwa ametuletea ndama kutoka kwao Oldonyo Sambu ili siku moja sisi wajukuu tupate maziwa. Ndama yule alikunywa maji ya ziwa asubuhi, na kabla jua halijawa kali alikuwa amelala miguu imenyooka. Koko alikaa karibu naye akimfukuza nzi usoni hata baada ya kufa. Baada ya hapo hakurudi kwao. Alisema hawezi kutuacha na maji yale.

Msimu mzima Baba alishona nyavu zisizokuwa na kazi. Uji ukawa mwepesi hadi nikawa naona chini ya kikombe. Mama alikuwa na mdogo wangu mchanga, na maziwa yakaanza kumkauka. Mtoto alilia kilio chembamba, cha mtu aliyekwisha kata tamaa, na mpaka leo kikinijia nawasha redio. Baba alitundika begi lake kwenye msumari nyuma ya mlango. Alikuwa ameamua kwenda Mirerani kuchimba madini, na wote tulimkumbuka jirani yetu aliyekwenda huko akafukiwa na kifusi. Hakuna aliyelizungumzia lile begi. Tulipita tukilikwepa.

Kisha maji yakaanza kupona. Utando ulikatika vipande vipande, ukasogea pembeni, ukaisha. Bata wa porini wakarudi. Wataalamu walipima tena, wakaruhusu watu wavue, na jioni ile Baba akarudi na perege wachache wanono. Nilidhani tutakula. Lakini kwetu hakuna aliyegusa cha kwanza kabla ya kutoa malimbuko, iwe mahindi au samaki, na isitoshe Mama aliwatazama wale perege kama mtu anayemtazama mgeni asiyemwamini. Baba alimchagua aliye mkubwa kwa ajili ya kanisa. Waliobaki aliwaacha hai kwenye pipa la maji.

Sisi ni Walutheri, na ninyi mliokulia Arusha mnajua mambo ya mnada baada ya ibada. Mayai, mikungu ya ndizi, jogoo aliyefungwa miguu, vyote vilivyotolewa sadaka hunadiwa nje, na watu hupandishiana bei kwa utani hadi yai moja linauzwa kwa bei ya kuku. Mzee wa kanisa aliyekuwa akinadi alikuwa na mdomo mtamu. Jumapili ile alimaliza ndizi, akamaliza mayai, akainua beseni lenye perege wa Baba.

Hakuna aliyetaja bei. Mzee alijaribu mzaha mmoja, ukaanguka chini. Walionunua samaki wetu miaka yote walitazama viatu vyao, na siwalaumu, walikuwa wamemwona ndama. Baba alisimama ameshika kofia kwa mikono miwili. Hata mimi, kwa utoto wangu, nilielewa kwamba kama kanisani samaki hanunuliwi hata kwa ajili ya Mungu, barabarani hanunuliwi kabisa, na begi litashuka msumarini.

Ndipo Koko akanyoosha mkono.

Kicheko kilipasuka, maana kila mtu alimjua. Koko alikuwa Mmaasai, na kwake samaki alikuwa nyoka wa majini. Alipokuja kwetu alikuja na sufuria yake na kibuyu chake cha maziwa, akawa anapika nje, upande usiofikiwa na moshi wa Mama. Isitoshe, kwao mama mkwe hali mbele ya mkwe wake, hivyo Baba akimwona ameshika bakuli alitafuta shughuli mbali. Sasa alifungua fundo la shuka yake, akalipa, akasema, "Mkaange hapa hapa. Nakula hapa."

Akina mama waliokuwa wakichemsha chai ya kanisa waliweka kikaango motoni. Samaki akiwa kwenye mafuta, Koko alimvuta Mama kando. Akavua bangili zake za shanga, moja baada ya nyingine, akamvisha Mama, huku akizungumza naye kwa Kimaasai, lugha ambayo mimi niliijua ya salamu tu. Mama alilia. Mimi niliona ni moshi. Na bangili nilidhani amezivua zisije zikanuka samaki.

Alikaa kwenye benchi, akampa Baba mgongo, akala. Alitafuna kama anayetafuna dawa ya malaria bila maji. Sisi watoto tulicheka hadi tukashikana mabega. Alimla mpaka mifupa ikabaki mitupu, akajifuta mdomo, akawageukia watu.

"Kesho mje mnisalimie," alisema.

Walikuja. Koko hajawahi kuamkiwa vile maishani mwake. Shikamoo zilianza alfajiri, kila mmoja akimchungulia macho na ulimi, naye ameketi mlangoni akiitikia marahaba kwa sauti ya kuchoka. Wakishamaliza kumwamkia walimpitia Mama kuuliza habari za samaki. Kabla wiki haijaisha begi lilikuwa limeshushwa na kuwekewa viazi, na Koko alikuwa ameshazidai bangili zake.

Aliishi miaka mingi baada ya hapo, na samaki hakumgusa tena. Siku tuliyomzika Oldonyo Sambu, Mama alinivisha zile bangili, na kwa mara ya kwanza akaniambia yale maneno ya kando ya kikaango. Koko alikuwa amemwachia wosia wa ng'ombe wake, yupi ni wa nani. Aliamini kabisa kwamba kilichomuua ndama wake kimo ndani ya yule samaki. Mama alimsihi amwachie yeye ale, akakataa, akasema yeye hana anayemnyonyesha. Kisha akasema: "Nikiamka kesho, wape watoto samaki. Nisipoamka, usiwape, na mume wako usimlaumu."

Kesho yake asubuhi, katikati ya zile shikamoo, nilipewa perege mzima peke yangu. Nilikula nikalamba vidole, na Koko pale mlangoni hakuwa akiwatazama wageni wake. Alikuwa akinitazama mimi nikila.