Ujia Unaosubiri Hatua za Maman Eulalie

Saa mbili asubuhi, Barthélemy Akonkwa amepiga magoti, anang'oa ubao alioupigilia wiki iliyopita. Ni wa kumi na moja. Bado ishirini na tano, na ukumbi huu mpya wa muziki wa Kadutu, mjini Bukavu, unafunguliwa Jumamosi.

"Kazi ya mwezi muzima, na miye mwenyewe njo ninaibomoa," anasema akicheka.

Seremala huyu wa miaka 67 ndiye aliyebuni ujia wa kuingilia ukumbini. Ukikanyaga ubao, nyundo ndogo chini yake inagonga kipande cha chuma. Ukifika mlangoni, umeupiga wimbo mzima kwa miguu.

Wimbo wenyewe ni wa bendi ya ujana wake. Yeye alipiga gitaa la besi, Eulalie aliimba. Vita vya 1996 viliwatawanya na kanda zao zote zikateketea. Kati ya wanamuziki tisa, wamebaki wao wawili.

"Tulikuwa maskini, lakini dimanche, Jumapili! Suruali imepigwa pasi ya makaa, viatu vinang'aa," anakumbuka, na machozi yanamlengalenga.

Eulalie sasa anaishi Nyangezi. Sikio moja limeziba, la pili linafifia. Barthélemy anataka ausikie wimbo wake kabla hakujachelewa.

Jana alimleta aujaribu. Maman Eulalie alipita na kikwembe chake, kitenge alichojifunga kwa kubana, hatua fupi fupi, kila ubao akaukanyaga mara mbili. Wimbo ukawa kigugumizi kitupu.

"Papa Barthélemy, hii wimbo iko ya wanaume tu?" alimtania. "Ulipimaka mbao na muguu ya nani?"

"Ya kwangu," anakiri fundi, mrefu kama mlingoti. "Miaka kumi na mbili nilisimamaka nyuma yake. Namna gani nikasahau hatua yake? Nilisikia haya kabisa."

Wenye ukumbi walimsihi auache hivyo hivyo, wageni hawatajua. Alikataa katakata, na hapo mimi niko upande wake. Kila ubao anaukata upya, mwembamba zaidi.

"Sisi wa miguu mirefu tutajifunza kutembea pole," anasema.

Na kama Jumamosi sikio litakuwa limekataa kabisa? Barthélemy anaweka nyundo chini.

"Nitamwambia avue viatu. Chuma ikilia, ubao inatetemeka, wimbo itamupandia kwa miguu. Akianza kuimba, njo nitajua ameisikia."