Gari Lililopiga Chafya

Nimepita gereji nyingi, na kila ninaponusa mpira uliopata moto wa injini, namwona baba uani kwetu Kimandolu, akifunga valvu mpya kwenye bomba la turbo, ile pampu ya hewa ya injini ya gari lake. Tangu siku ile, kila alipoachia pedali ya mafuta, gari lilitoa upepo: pshaa!

“Linapiga chafya,” mama alisema. “Nani analisema?”

Jumamosi baba aliaga kwenda mnadani Ngaramtoni. Tukichambua mchele, mimi na mama tukasikia chafya ile upande wa Sekei. Mama akaacha kuchambua.

Jioni akamuuliza, “Baba watoto, siku hizi Sekei kuna mnada?”

“Turbo ziko nyingi mjini, mama.”

Kesho yake, kabla ya chai, baba alirudisha valvu ya zamani, isiyo na sauti. Mama alimtazama kutoka dirishani mpaka akakaza nati ya mwisho.