Mishono Miwili Niliyoiruka

Tulipelekwa Mikumi kufundishwa umuhimu wa kupumzika mbali na kazi. Kwa ajili hiyo tulifungiwa ukumbini siku mbili, mapazia yakiwa yamevutwa ili projekta ionekane, huku nje swala wakila majani bila kuhudhuria mafunzo yoyote. Mwezeshaji alikuwa kijana mwenye tai na kipaza sauti, ingawa tulikuwa watu kumi na tisa. Alitueleza kwamba mtu mwenye hobi hufanya kazi vizuri zaidi. Tukaandika. Kisha tukagawiwa fomu.

Aliyewahi kuomba kazi nchini anajua kwamba hobi zetu ni tatu: kusoma vitabu, kusafiri na kubadilishana mawazo. Wenzangu wa idara ya mifugo walijaza zote tatu, akiwemo mmoja ambaye sijamwona na kitabu chochote isipokuwa kile cha mahudhurio. Mimi, labda kwa sababu ya pilau ya mchana, nikaandika ukweli: kufuma vitambaa.

Nieleze taratibu, maana hapa wengi hukwama. Mimi ni afisa mifugo, mwanaume, nina ndevu. Mama yangu alijifunza kufuma shule ya misheni huko milimani, na Mungu akampa watoto wa kiume watupu. Akaona ujuzi usioze. Kwa hiyo tangu nikiwa mdogo najua kushika uzi na ile sindano yenye ndoano kwenye ncha, na vitambaa vya makochi ya nyumbani kwangu nimevifuma mwenyewe. Wageni humsifu mke wangu. Naye hupokea sifa bila kusita.

Tuliporudi Kilosa, mkuu wangu aliniita ofisini, fomu ikiwa mkononi.

"Bwana, hiki ni nini?"

"Hobi, bosi."

"Mwanaume mzima? Sasa hii mimi niipeleke juu?" Alicheka mpaka akavua miwani. "Andika kusoma vitabu kama wenzako. Usituaibishe."

Sikubadilisha. Si kwa ushujaa. Fomu zilikuwa zimekwisha.

Kazi yangu ilikuwa kuzunguka kwenye kaya za wafugaji na kuuliza hali ya mifugo. Nilikwenda na daftari kubwa la kazi na kalamu mbili, moja ya akiba. Majibu yalikuwa mazuri ajabu. Ng'ombe wangapi? Wachache. Wagonjwa? Hakuna. Kwa mujibu wa daftari langu, kata yangu yote ya Masanze ilikuwa na ng'ombe wenye afya kuliko sisi tuliowahesabu. Wafugaji wale, waliotoka kanda ya ziwa, walikuwa wamejifunza jambo moja kila walikopita: ng'ombe wakishahesabiwa, haupiti muda mtu anakuja kuwaambia wahame. Ungekuwa wewe, ungemwonyesha mwenye daftari ndama anayeumwa?

Ila kila Alhamisi jioni nilikuwa nakaa barazani pa kanisa na kina mama wanaofuma. Walinizoea baada ya kunicheka vya kutosha. "Daktari, leo mkeo ndiye anayechoma sindano?" Nami niliwajibu kwamba ndiyo, na ng'ombe wanampenda zaidi. Pale ndipo nilipogundua kitu ambacho mwezeshaji hakukifikia, ingawa alikuwa na siku mbili. Mtu aliyeinamia uzi haogopwi na mtu. Hakutazami usoni, haandiki, hana haraka. Watu husema mbele yake kama wanavyosema mbele ya jiko.

Kati ya kina mama wale alikuwepo mmoja wa kaya ya wafugaji. Binti yake alikuwa anakaribia kuolewa, naye alitaka ampe vitambaa vya nyumba mpya. Nilimfundisha tangu fundo la kwanza. Alikuwa na jicho kali. Hakuna mshono uliompita.

Alhamisi moja alisema, akimwambia jirani yake wala si mimi, "Ndama wangu mmoja ana uvimbe chini ya sikio. Juzi aliacha kunyonya. Leo mwingine naye."

Mkono wangu uliendelea. Uvimbe chini ya sikio, kwa ndama, katika msimu wa kupe: hiyo ni ndigana, homa inayoletwa na kupe. Ukiwahi, sindano humponya. Ukichelewa hutoa povu puani, na hapo mimi hufunga begi langu tu. Kaya ile, kama nilivyokuja kujua baadaye, ilikuwa na ndama tisa, na baada ya kuhamahama kote kule ndio waliokuwa tegemeo lao. Nilijua pia kwamba nikiinua kichwa na kuuliza kiofisa, ataniambia wote wazima. Basi nikakaza uso, nikafuma.

Mara yule mama akaniinamia. Akavuta kitambaa changu kutoka gotini.

"Daktari, umeruka hapa. Na hapa tena."

"Macho yamechoka, mama."

"Wewe huruki." Alishika pale penye kosa kwa kidole. "Ndama wangu wanakufa?"

"Bado. Kesho kutwa ndiyo."

Alikunja uzi wake. "Twende. Lakini lile daftari usilete."

Mume wake alikuwa amesimama mlangoni pa zizi na fimbo begani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Nani amekuita?"

"Nimemwita mimi," mkewe akasema. "Hakuja kuhesabu."

Mzee alinitazama mikono. Mmoja ulikuwa na begi la dawa, mwingine kitambaa cha kochi nilichosahau kukiacha. Sijui kipi kilimtuliza. Alinionyesha wale wawili. Nilipomaliza kuwachoma sindano, alikohoa, akasema, "Wako wengine ng'ambo ya korongo. Hao hujawahi kuwaona." Tukavuka. Mmoja alikuwa tayari anatoa povu; huyo hatukumwokoa. Wanane walisimama, na kwenye harusi tulikunywa maziwa.

Kwa hiyo kama una kitu unachokipenda na watu wanakicheka, kishike tu. Siwezi kukuahidi kitakusaidia lini.

Mwisho wa mwaka fomu ilikuja tena, ikiwa na sehemu mpya: "Eleza kwa sentensi moja jinsi hobi yako ilivyoboresha utendaji." Nikaandika: "Niliruka mishono miwili, ndama wanane wakapona." Ilirudi na wino mwekundu: "Andika mafanikio, si makosa. Pia haieleweki."

Safari hii fomu zilikuwepo za kutosha. Nikachukua mpya, nikajaza: kusoma vitabu.